Habari Niliyoizungusha Kisiwani

Mama yangu alikiona kisiwa cha Skye kwa mara ya kwanza akiwa kwenye kochi lake huko Riverside, Buffalo, jicho moja limefungwa bandeji. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, na daktari alimkataza kuinama, kubeba kitu kizito na kutoka nje kwenye theluji. Akabaki na simu na jicho moja. Mdogo wangu wa kiume, anayeishi Louisville, alimtafutia video za kutuliza akili, zile zinazopigwa na kamera ya kuruka juu ya milima bila mtu kusema neno. Mama alitazama moja tu, kisha akanipigia Columbus. Mimi nilikuwa kazini kwenye nyumba ya wazee, nimeshika beseni, mzee wa watu ananisubiri na sabuni mgongoni.

"Weye, kuko mahali naona hapa," akasema. "Ni kwetu kabisa. Majani tupu, miti hakuna, ukungu, na ng'ombe ya manyoya mingi. Banasema iko Scotland. Bon, miye nasema ni kule juu ya Uvira."

Mama alizaliwa kwenye nyanda za juu zinazoutazama mji wa Uvira, mashariki mwa Kongo, mahali penye baridi ambapo watu wa bondeni wakipanda wanavaa makoti mawili. Aliondoka huko zamani, akakaa kambini miaka mingi, akaletwa Buffalo akiwa mjane mwenye watoto wawili. Kurudi haiwezekani. Vita vinabadilisha majina na makamanda, lakini njia ya kupanda kule juu inabaki imefungwa. Katika tumbo la bibi yetu walikuwa wamebaki wawili tu: mama, na dada yake mkubwa ambaye yeye humwita yaya na sisi tunamwita mama mkubwa. Huyo alibaki Uvira mjini. Kila Jumapili baada ya kanisa walipigiana simu, na kila Jumapili waliongea habari za baridi ya kule juu kana kwamba wameshuka jana.

Basi nikaamua tutampeleka Skye. Niliamua mimi kwa sababu mimi ndiye mtoto wa kwanza, na pia kwa sababu mimi si mtu wa kutulia. Nikipata wazo linaniwasha mpaka nilitimize. Hata televisheni naitazama nimesimama. Ilichukua miaka miwili ya pasipoti, likizo na kubishana. Mdogo wangu anafanya kazi ya zamu kwenye ghala la vifurushi, mimi nina zamu zangu, na kwa muda mrefu sote watatu tulikuwa tukikutana kwenye misiba na harusi tu, mara Buffalo, mara Louisville, mara kwangu mtaa wa Linden, kwenye ukumbi wa kanisa. Hii ilikuwa safari yetu ya kwanza isiyo na jeneza wala keki.

Tulilala Inverness, kwenye nyumba ya wageni yenye ngazi nyembamba, na saa mbili asubuhi tukapanda basi dogo la watu kumi na sita. Kiongozi wa ziara, ambaye ndiye aliyeendesha, alikuwa mzee mwembamba aliyevaa kaptula katika baridi ile, maikrofoni imebanwa shavuni. Alitueleza sheria yake: kila kituo kina dakika zake, na atakayechelewa atawakuta kondoo, basi hatalikuta. Nilimpenda papo hapo, maana na mimi ni mtu wa dakika. Mama alikaa kiti cha mbele kabisa, kitenge kipya chini, koti la theluji la Buffalo juu. Kabla gari halijaondoka aliomba kwa sauti: safari yote, matairi, na huyu papa, yaani baba, anayetuendesha. Kiongozi alizima maikrofoni akasubiri mpaka amina.

Ujumbe ulinifikia kwenye kituo cha kwanza, kando ya ziwa refu ambalo watu walikuwa wakilikodolea macho wakimtafuta mnyama wa hadithi asiyekuwepo. Ulitoka Uvira, kwa mtoto wa mama mkubwa. "Dada, mama ametutoka usiku huu. Alilalamika kifua tu. Tunamzika leo saa tisa, hali ya mji hairuhusu kungoja. Umwambie mama mdogo vizuri, akiwa amekaa."

Niliusoma mara tatu. Mama alikuwa hatua kumi kutoka kwangu, anapigwa picha na mgeni mmoja aliyependa kitenge chake. Nikaanza kufanya kile ninachofanya siku zote nikiogopa, yaani kupanga.

Kwetu mtu haambiwi msiba akiwa njiani. Hilo halijadiliwi. Anaachwa afike nyumbani, akae chini, ale kitu, na watu wa kumshika wawe wamemzunguka. Ndipo anayestahili anasema. Ukimwambia barabarani umemuumiza mara mbili. Aliyenifundisha ni mama mwenyewe. Mwaka mmoja mwanamke wa kanisa letu alifiwa na mwanawe akiwa ndani ya basi kutoka Louisville kuja Buffalo, na mama alipiga marufuku mtu yeyote kumpigia. Tulikwenda kumpokea kituoni wanawake sita, tukaongea habari za theluji njia nzima mpaka Lower West Side alikokuwa akiishi. Akapewa wali na maharage. Alipomaliza sahani, mama alimshika mikono yote miwili akamwambia. Mimi ndiye niliyepika ule wali. Niliona kazi iliyofanywa vizuri, na nikajua siku moja itakuwa zamu yangu.

Mdogo wangu alikuwa amepata ujumbe huo huo. Alinifuata nyuma ya basi na tukaanza kunong'ona kwa Kiingereza, jambo la kijinga, kwa sababu mama hajui Kiingereza kingi lakini anajua vizuri kwamba watoto wake wakikimbilia Kiingereza kuna kitu wanaficha.

"Tumwambie sasa," alisema. "Saa tisa ya Uvira ni saa nane ya huku. Binamu atafungua video pale makaburini. Mama anaweza kumwona dada yake akizikwa."

"Njiani?"

"Njia gani, dada? Tuko kwenye matembezi."

"Tuko ndani ya basi na watu tusiowajua. Akianguka hapa nani atamshika, wewe na yule mwenye kaptula?"

"Nitamshika mimi."

"Ataambiwa jioni, tukirudi tulikolala. Atakula, atakaa, nitamwambia. Mimi ndiye mkubwa."

"Na maziko?"

Niliitazama saa. Naye akasema sawa, ile sawa anayowaambia wasimamizi wake ghalani. Kuanzia hapo kazi yangu ilikuwa moja: kumchunga mama asijue, huku saa yangu ikienda mbele kuelekea saa nane.

Kwanza nilimchukulia simu. Nilimwambia huku data ni ghali mno, ukifungua tu utakuta bili ya ajabu Buffalo. Mama anaogopa bili kuliko anavyoogopa ugonjwa. Alinipa simu haraka, nikaizima nikaitia mfukoni, na ikakaa pale ikinilemea pajani safari nzima.

Tulivuka daraja tukaingia kisiwani karibu saa tano. Nilikuwa nimeota mara nyingi jinsi mama atakavyolia akiiona milima ile, na nilikuwa nimejiandaa na vitambaa. Hakulia. Alikaza shingo dirishani akaanza kutaja. Pale ni kama njia ya chemchemi. Ule mgongo wa mlima ni kama mahali walipokuwa wakilaza ndama. Kila alichotaja alikuwemo dada yake.

"Hapo njo yaya alinibebaka ku mgongo," akasema, akionyesha korongo lenye mawe. "Mvua ilinyesha, miye nilikuwa mutoto. Alianguka mara mbili na hakuniangusha hata mara moja. Mpaka leo ananikumbushaka, anasema niko na deni yake."

"Kumbe," nikasema. Nilikuwa nyuma yake, nashukuru hakuuona uso wangu.

Mzee wa kaptula alikuwa akisimulia. Alituonyesha kuta za mawe zisizo na paa, zimetawanyika kwenye nyasi, akaeleza kwamba hapo palikuwa na vijiji. Watu walifukuzwa ili kondoo wapate nafasi, nyumba nyingine zikachomwa, wenyewe wakapakiwa kwenye meli kwenda Amerika. Mama aliziona zile kuta akauliza mzee anasema nini. Mdogo wangu akamtafsiria.

"Na balirudi?" mama akauliza.

"Hapana, mama."

"Donc ni kwetu kabisa," akasema, akaegemea kiti kama mtu aliyeshinda ubishi.

Tukasimama penye mto na daraja la mawe la zamani. Kiongozi alisema kuna hadithi kwamba ukitumbukiza uso kwenye maji yale na kuhesabu mpaka saba, uzuri wako hautaisha. Vijana waliinama wakapiga kelele za baridi. Mama, ambaye daktari alimkataza kuinama miaka miwili iliyopita na ambaye tangu hapo aliinama kila alipotaka, alikunja kitenge, akapiga magoti juu ya jiwe na kuuzamisha uso wote. Mdogo wangu alimshika koti kwa nyuma. Alipoinuka maji yalimchuruzika mpaka kifuani, basi zima likampigia makofi, naye akacheka mpaka akakaa chini. Nilimpiga picha nyingi. Nilikuwa natazama kioo cha simu, na juu ya kile kioo saa ilionyesha saa sita kasoro.

"Hiyo utumie yaya," akasema, akijifuta. "Umwambie sasa miye ni mutoto, yeye ni muzee."

Nilimwambia nitatuma.

Portree ndio mji mkuu wa kisiwa, kama ukiweza kuuita mji. Kuna nyumba za rangi rangi bandarini na tulipewa saa nzima ya chakula. Huko mtandao ulikuwa na nguvu zote, na simu yangu ikaanza kutetemeka bila kupumzika. Saa saba yetu ilikuwa saa mbili asubuhi Buffalo, na habari ilikuwa imeshafika kanisani. Jirani wa mama aliyeachiwa ufunguo ili amwagilie maua alikuwa amefungua mlango. Wanawake walikuwa wameingia. Walinitumia picha ya sebule: makochi yamesukumwa ukutani, godoro limetandikwa sakafuni, wao wamekaa kwenye mikeka na mitandio kichwani, na sufuria ya chai imeshawekwa katikati. Walikuwa wameanza matanga ndani ya nyumba ambayo mwenye msiba hayumo, na mwenye msiba alikuwa mbele yangu anatia siki kwenye chipsi.

"Tumefika kwa mama," jirani aliandika. "Tunawangoja. Usimwambie njiani."

Kutoka Louisville walituma hivyo hivyo. Kutoka Columbus, dada mmoja ninayefanya naye kazi aliandika kwa herufi kubwa kwamba nijikaze, mtoto wa kwanza ni nguzo. Kila ujumbe ulinipa nguvu na kila ujumbe ulinikera. Nilikwenda chooni mara tatu. Nilikwenda kuuliza bei ya postikadi ambazo sikuzihitaji. Nilirudi nikakaa, nikasimama.

"Kaa," mama akasema. "Tangu utoto yako unakula huku unatembea. Nani anakukimbiza?"

"Hakuna, mama."

"Basi kula samaki. Ni nzuri. Haifikie ya Uvira, lakini ni nzuri."

Mdogo wangu aliweka simu yake mezani, kioo kimeelekea juu, ili niweze kuiona saa. Saa saba na nusu. Alijifuta midomo kwa karatasi, akanitazama tena, nikatikisa kichwa. Mama aliona. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, akafikiri tumegombana, na akaanza kutuhubiria habari za ndugu kupendana. Tulisikiliza mpaka kiongozi alipopiga honi.

Kituo kilichofuata kilikuwa maporomoko yanayotoka ukingoni mwa kisiwa na kuanguka moja kwa moja baharini. Kuna uzio wa chuma pale, na upepo unapopita kwenye matundu ya vile vyuma vinalia kwa sauti nyembamba isiyokatika. Kiongozi alitupa dakika ishirini na tano. Ilikuwa saa nane kasoro dakika tano.

Mdogo wangu hakuja kwenye uzio. Alivuka maegesho akaenda nyuma ya basi, akasimama ametugeuzia mgongo, simu mbele ya kifua. Nilijua anatazama nini. Mama alishika chuma kwa mikono miwili lakini hakuyatazama maji. Aligeuka akaitazama milima iliyokuwa nyuma yetu, majani tupu, ukungu unashuka polepole, na ng'ombe wale wenye manyoya machoni wamesimama bila haraka. Alikuwa na furaha ambayo sijawahi kumwona nayo Buffalo, na nasema hivyo bila kuongeza chumvi.

"Mupigie yaya," akasema.

"Nani?"

"Yaya. Mu video. Nataka aone. Atanigombeza, atasema nimerudi kwetu bila yeye. Bili nitalipa miye mwenyewe."

Nilitoa simu yake mfukoni. Niliiwasha kweli, sijui kwa nini. Nadhani mikono yangu ilitaka kazi. Ilishika mtandao, ile mama anayoiita rezo, alama mbili, na papo hapo ikaanza kutetemeka kwa rambirambi zilizokuwa zikimngoja. Nikaigeuza nikaibana kifuani.

"Rezo hakuna, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ni hii milima."

"Bon. Tutamupigia magaribi, tukifika."

Nyuma ya basi mdogo wangu alivua kofia. Nilimwona akiishikilia kifuani kwa mkono uliobaki. Nitaandika ukweli: nilifungua mdomo. Dakika ishirini zilikuwa bado zipo. Ningeweza kumshika mama mkono, tukavuka maegesho, hatua sitini, akaona. Nikawafikiria wale wanawake kwenye mikeka huko Riverside, watakavyosimulia: binti yake mkubwa alimpa msiba kando ya barabara, amesimama, katikati ya watu wasiojulikana, upepo unavuma. Niliwaogopa wao. Pale nilijiambia namhurumia mama, na niliamini, lakini niliwaogopa wao. Nikafunga mdomo nikampiga picha nyingine.

Tuliporudi kwenye basi mdogo wangu alikwenda kukaa kiti cha nyuma kabisa. Mama akamuuliza macho yana nini, akajibu upepo. Njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kuja. Kiongozi aliweka muziki wa vinanda, wageni wakasinzia, mama naye akasinzia, kichwa kikigonga kioo. Mimi nilihesabu vijiji. Nilitaka tufike, na nilitaka tusifike.

Inverness jua la kiangazi halina haraka ya kuondoka. Saa mbili usiku bado kulikuwa kweupe kabisa. Tulinunua kuku na wali kwenye mgahawa wa Wahindi tukapanda navyo chumbani. Nilimpakulia mama. Alikula kidogo, nikamwongezea. Akala tena, nikamwongezea nyama. Mdogo wangu alifunga mlango akakaa kitandani kushoto kwake, mimi nikavuta kiti kulia kwake. Hapo mama akashusha kijiko. Alikuwa ameifanya kazi hii kwa watu wengi mno, hangeweza kukosa kuitambua ikifanywa kwake.

"Ni nani?" akauliza.

Nilikuwa nimeandaa maneno tangu asubuhi. Hakuyangoja.

"Ni yaya," akasema mwenyewe.

"Ndiyo, mama."

"Bameisha kumuzika?"

"Ndiyo."

"Saa ngapi?"

"Saa nane."

"Ya wapi?"

"Ya huku."

Nilimwona akirudi nyuma, kituo baada ya kituo, mpaka akafika.

"Na rezo ilikuwako," akasema. Hakuwa anauliza.

"Ilikuwako, mama."

Ndipo akalia. Kilio cha kwetu hakikutengenezewa nyumba za kuta nyembamba. Mlango wa jirani ulifunguka, ngazi zikapigwa miguu, na mdogo wangu akatoka kwenda kueleza. Mwenye nyumba alipanda na chupa ya chai na vikombe vitatu, akaviacha mlangoni bila kubisha. Nilimshika mama mikono kama alivyonifundisha. Aliniachia nimshike. Baadaye sana, sauti imemkauka, nilimwambia nilifuata desturi, nilifanya kama angefanya yeye.

"Najua," akasema. "Miye ningefanya vile vile."

Afadhali angenitukana.

Buffalo tuliwakuta bado wamekaa. Matanga yalikuwa yamemsubiri mwenyewe, godoro lake tayari, nafasi yake wazi katikati. Mama mmoja mtu mzima wa kanisa alinishika shavu mbele ya wote. "Umezaa mutoto ya akili," alimwambia mama. "Alikubeba mpaka ku mwisho na hakukuangusha." Wanawake wakaitikia. Mama naye akaitikia kwa kichwa, akitazama mkeka. Mimi nilikwenda jikoni kuosha vikombe vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Hakuna aliyerekodi maziko. Binamu alikuwa amefungua video moja kwa moja, mtandao ukakatika mara kadhaa, na kilichoonekana kilionekana na mdogo wangu peke yake. Siku zile mama alimwita karibu naye akamwomba amsimulie. Alimsimulia, na kesho yake akamwomba tena. Nani alishika msalaba. Mchungaji alivaa nini. Kama kulikuwa na vumbi. Kama jeneza liliingia vizuri au waliligeuza. Mdogo wangu, ambaye kwa kawaida haongei maneno ishirini kwa siku, alirudia kila kitu kwa utaratibu, na alipofika mahali ambapo picha ilikatika alisema, hapa ilikatika mama, na mama alisema endelea. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni nasikiliza. Sikuwa na cha kuchangia.

Jumapili nilipaswa kurudi Columbus, kwa kuwa siku zangu za ruhusa zilikwisha. Mama alinisindikiza mpaka kwenye gari, na ndala zake na lile koti. Nilishawasha injini. Akaniashiria nishushe kioo.

"Miye nikikufa," akasema, "usimungojee mudogo yako afike nyumba. Akuwe ku kazi, akuwe mu gari, akuwe wapi, umupigie papo hapo. Asimame, umwambie."

"Mama, unajua desturi yetu."

"Ni miye nilikufundisha, nitakosaje kujua." Lori likapita. "Ataanguka, atasimama. Lakini anione."

Nikamuuliza, na kama ni mimi niliye njiani?

"Weye vile vile. Nimeisha kuambia batu."

Kutoka Buffalo mpaka Columbus ni mwendo wa karibu saa tano. Niliweka simu kwenye kiti cha pembeni, kioo juu. Tangu siku hiyo, ikilia nikiwa barabarani siipokei kwanza. Natafuta mahali pa kusimamisha gari.